Maziwa mgando na togwa vinatibu baridi yabisi? Mama anataka kuacha dawa

Binti_wa_Makete: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana baridi yabisi, vidole vinamvimba hadi asubuhi kufunga kanga ni shida. Hospitali wamempa methotrexate, anameza mara moja kwa wiki. Sasa jirani kamwambia bakteria wa maziwa mgando na togwa wanamaliza uvimbe, aachane na vidonge. Ameshaanza kununua maziwa mabichi kwa mfugaji, anagandisha kwenye kibuyu. Nimzuie?

Kimea_Tupu: Togwa ndiyo mpango mzima. Bibi yangu kanywa maisha yote, vidonge havijui.

Mzee_wa_Maabara: @Kimea_Tupu bibi yako alikuwa na baridi yabisi? Basi tulia.

Binti, jirani hajatunga. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 36. Waliolishwa mtindi, kefir, kimchi na vingine vilivyochachuliwa kwa wiki 10, aina za bakteria tumboni ziliongezeka, na protini 19 za damu zinazoendana na uvimbe zikashuka. Waliopewa nyuzinyuzi kwa wingi hawakupata mshuko huo. Ila hao walikuwa wazima wa afya, na uvimbe wenyewe ulipimwa kwenye damu tu. Vidole vya mgonjwa havikuguswa.

Kinachonitisha ni maziwa mabichi. Dawa yake inashusha kinga, na brusela, bakteria wa mifugo anayeambukiza watu kupitia maziwa mabichi, hafi kwa uhakika eti kwa sababu maziwa yameganda. Achemshe kwanza.

Binti_wa_Makete: Akichemsha si anaua na bakteria wazuri?

Mzee_wa_Maabara: Wanakufa wote. Ndiyo maana yakishakuwa vuguvugu unatia kijiko cha mtindi hai kama mbegu. Togwa vilevile: kimea kinaingia uji ukipoa, na ikishachacha usiichemshe tena. Mtindi wa dukani unaokaa miezi nje ya friji umepashwa moto, humo hamna kitu hai.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, mtindi anywe, methotrexate asiache. Kiungo kikishaliwa na huu ugonjwa hakirudi. Halafu muulize taratibu kwa nini anataka kuacha. Wengi wanakimbia kichefuchefu cha siku ya kidonge, wanaona aibu kusema. Hicho kina ufumbuzi, hupewa foliki asidi, ni vitamini. Anayo?

Binti_wa_Makete: Hajapewa, nesi. Na kweli Jumapili akimeza hali chakula. Kliniki ni Alhamisi, nitaingia naye kwa daktari.

Nesi_Mstaafu: Ulizia na kipimo cha ini, maana methotrexate huweza kuliumiza.