Baiskeli ya mtoto inamrusha nyuma, amotisa niiwekeje?

BabaKeshero: Jamani, habari za jioni. Mtoto wangu wa miaka 8 amepata baiskeli ya mlimani, mtumba lakini nzima, magurudumu ya inchi 20, nyuma ina amotisa ya upepo, ile ya kupunguza mshtuko. Barabara zetu za Goma mnazijua, mawe ya volkano matupu. Kila akipita juu ya jiwe, kiti kinampiga na kumrusha. Jana aliangukia kiganja, ngozi ikachunika, vumbi jeusi likaingia ndani. Nusu saa nzima nilikuwa nalitoa kwa maji ya chumvi. Nitie mafuta gani amotisa ilainike?

MamaBukavu: Pole kwa mtoto. Lakini papa, miaka minane na baiskeli ya amotisa? Sisi tulijifunzia velo ya baba, mguu tumeupitisha katikati ya fremu, na tumekua. Minervali, ada ya shule, umeshalipa?

Chukudu_Masisi: Chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ni mti wa mkaratusi, magurudumu yamevikwa mpira wa tairi kuukuu, amotisa haina, na inashusha magunia ya viazi kutoka Kibumba. Nilianza kuisukuma nina miaka 12. Siku moja kwenye mteremko nilikanyaga mpira wa breki, ukachomoka, nikasimamishwa na shamba la maharage la mama mmoja. Alinilimisha siku mbili.

Fundi_Himbi: Mafuta usitie. Mtoto ana kilo ngapi, na amotisa ina psi ngapi, yaani presha ya upepo? Bila hayo mawili tunapiga ramli.

BabaKeshero: Ni mwembamba tu. Upepo uko sawa, niliujaza mwenyewe.

Jeannot_Majengo: Yaya, ulijaza na nini? Pompi ya tairi ao?

Fundi_Himbi: Namba, ndugu yangu.

BabaKeshero: Haya. Kilo 24. Nilijaza kwa kompresa ya jamaa wa matairi ya pikipiki, psi 120. Nikaikalia mimi mwenyewe, nina kilo 80, ikabonyea vizuri. Na niseme yote: fundi wa kuchomelea nimeshampa dola 10, nusu ya kazi, aitoe amotisa aweke kipande cha chuma. Sioni kosa langu. Chuma hakiharibiki, na mtoto sasa anaogopa kupanda.

Fundi_Himbi: Umeipima kwa mwili wako, akapanda yeye. Kwa kilo 24 hiyo amotisa imeshakuwa chuma tayari, huna haja ya kumlipa mtu. Anza na psi inayokaribia uzito wake kwa paundi, yaani 53. Ile pete ya mpira kwenye fimbo isukume hadi iguse mwili wa amotisa. Mshikie usukani, apande taratibu, miguu kwenye pedali, ashuke bila kuruka. Sasa pima pete imesogea kiasi gani. Fimbo yenye mwendo wa milimita 38 unataka kama 10, robo au zaidi kidogo. Ikisogea pungufu, toa upepo, ikizidi, ongeza. Kitufe chekundu, kinachotawala kasi ya kurudi, kifungue karibu chote. Upepo kidogo hausukumi kwa nguvu. Ukikifunga, amotisa inabaki imelala na jiwe la pili linaikuta haina nafasi. Matairi nayo yapunguze upepo, kwa mtoto mwepesi tairi gumu ni jiwe la pili.

Mtazamaji_01: Hii stori imetungwa. Kompresa ya barabarani inaingiaje kwenye amotisa? Na picha hakuna.

MamaBukavu: Hata mimi nilishangaa. Dola 10 kwa kipande cha chuma!

Fundi_Himbi: Inaingia. Mdomo wake ni Schrader, ule ule wa tairi la gari. Shida ni kwamba chumba cha upepo ni kidogo mno, kompresa inakijaza kwa pumzi moja.

BabaKeshero: Picha ya mwanangu siweki hapa. Pete nimeipima sasa hivi kwa rula yake ya shule, na yeye yuko juu: milimita 3. Chini ya kiti kuna jina la mtoto aliyekuwa nayo kabla, limekwanguliwa kwa msumari, herufi mbili za mwisho hazisomeki. Nitunge hayo ili nipate nini?

Fundi_Himbi: Njoo Himbi kesho, nina pampu ya amotisa yenye saa ya kupimia upepo. Uje na mtoto, si baiskeli peke yake.

BabaKeshero: Tumerudi. Kwa 53 pete ilisogea 8, tukashuka hadi 46, ikasimama kwenye 10. Matairi tumeyaacha kwenye psi 20. Alipita juu ya mawe mara tatu nimemshika kiti. Ya nne alisema niache. Asante sana, fundi, Mungu akubariki. Ila yule wa kuchomelea hataki kurudisha dola 10, anasema chuma ameshakikata. Nifanyeje?

Chukudu_Masisi: Kina urefu gani?