Naombeni ushauri, CD ninazochoma hazisomi kwenye redio ya kawaida

Wakuu habari, nimehamisha kaseti za zamani za mzee kwenye kompyuta, faili ni WAV (sauti isiyobanwa) za 48 kHz, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, sasa yeye hataki kusikia mambo ya flashi wala simu, anataka CD aweke kwenye redio yake abonyeze plei basi. Kwenye kompyuta inasoma freshi, kwenye redio inazunguka weee halafu inaandika hakuna diski. Najua CD ya muziki inatakiwa 44.1 kHz biti 16 na isizidi dakika 80, na nachagua CD ya audio sio ya data, je programu inaishusha yenyewe hiyo 48 au nianze mimi? Natumia CD-RW (zile za kufuta na kuchoma tena), nasikia redio za zamani hazizipendi kwa vile zinarudisha mwanga kidogo sana, kama ndo hivyo nihamie CD-R (za kuchoma mara moja) tu nisipoteze muda. Spidi ya kuchoma nayo kila mtu na lake.

Kingine, upande mmoja wa kaseti ni dakika 45 za maongezi mfululizo, nataka niukate vipande ili aweze kuruka mbele, ila zile sekunde 2 za ukimya kati ya traki zinakata sentensi katikati, mnazitoaje?