Nimebakiza miezi 11 kumaliza madeni: nipange vipi fedha itakayobaki mkononi?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali mkoani Morogoro, nina mke na watoto wawili, na jambo ninalolileta hapa huenda wengine wakaliona si tatizo hata kidogo: madeni yangu yanakaribia kwisha, nami sijui nianzie wapi. Kwa miaka saba nimezoea kupanga maisha kwa kile kinachobaki baada ya makato, na sasa ninapoona makato yenyewe yanaelekea kuisha ninaingiwa na hofu kwamba fedha hiyo itapotea bila kuacha alama.

Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 980,000. Baada ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya na mchango wa chama, hukatwa 147,000 za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na rejesho la benki la 265,000. Kinachofika kwenye akaunti ni 359,250, nacho ndicho tunachotumia kwa chakula na kulipia kodi ya nyumba ya 100,000 kwa mwezi, tukisaidiwa na genge dogo la mboga la mke wangu. Kuanzia mshahara wa Mei, deni la Bodi limebakiza makato manane, hivyo litakwisha Desemba, na la benki limebakiza marejesho 11, hivyo litakwisha Machi. Vilevile Desemba kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kinavunjwa na wanachama kugawana fedha, na kwa hesabu ya hisa zetu tutapata takriban 1,150,000.

Wiki iliyopita afisa mikopo alinipigia simu akanieleza kwamba ninastahili kuongezewa mkopo hadi milioni 12 kwa miezi 72, na kwamba rejesho "litabaki palepale". Nina boma ambalo halijapauliwa, kwa hiyo sikukataa moja kwa moja. Mdogo wangu anasisitiza ninunue bodaboda. Mke wangu yeye anasema tule vizuri kwanza. Mtoto wa kwanza anaingia kidato cha kwanza Januari. Naomba ushauri: nizichukue fedha za kikoba nimalizie benki mapema, nikubali nyongeza ya mkopo, au nianze kuweka akiba, na kama ni akiba, niiweke wapi?

Mhasibu wa Zamani

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Kabla ya kukujibu naomba unijibu wewe kwanza: mkopo huu wa benki ni ule ule wa mwanzo, au ulishawahi kuongezewa? Na kama uliongezewa, ni jambo gani lililokupeleka benki siku hiyo? Naomba pia uangalie mkataba wako kama riba inakokotolewa kwa salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu kila mwezi, na ni asilimia ngapi kwa mwaka.

Chaki Nyeupe

Mhasibu, riba ni asilimia 17 kwa salio linalopungua. Mkopo wa mwanzo ulikuwa wa kujenga boma. Niliongezewa mara mbili. Mara ya kwanza mama alifanyiwa upasuaji na mahitaji yangu yalikuwa kama 900,000, lakini nilipofika benki niliambiwa ninaweza kupata milioni tatu, nikazichukua zote. Mara ya pili nilikuwa nimenaswa na mikopo ya mtaani, hii tunayoiita kausha damu, niliyoichukua kwa ajili ya msiba, nikaona bora nihamishie deni benki kuliko kukimbizana na watu. Sina uhakika kama ninaweza kueleza kwa usahihi ziada ya milioni zile mbili ilikwenda wapi.

Mhasibu wa Zamani

Nashukuru kwa kusema ukweli, kwa sababu jibu lako ndilo lenye ushauri wote ninaoweza kukupa. Nyongeza zote mbili hazikutokana na ujenzi wala biashara, bali zilitokana na kukosa kiasi ambacho mtu mwenye mshahara wako angeweza kuwa nacho pembeni laiti makato yangempa nafasi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fedha inayorudi ni kukaa mahali pa benki siku ambayo mama ataugua tena.

Sasa kuhusu kumaliza mapema. Marejesho 11 ya 265,000 ni jumla ya 2,915,000, lakini kwa riba uliyoitaja salio halisi la leo ni takriban 2,680,000, maana yake riba iliyobaki ni kama 233,000 tu, kwa sababu katika mkopo wa salio linalopungua riba kubwa hulipwa mwanzoni. Fedha za kikoba zitakuja Desemba, wakati umebakiza marejesho matatu, na hapo riba itakayookolewa itakuwa kama 22,000 tu, pengine pungufu ya ada ya kufunga mkopo kabla ya wakati kama benki yako inatoza. Kumaliza mapema kutakupa furaha, lakini kutakuacha na kama 377,000 tu za kikoba mwezi wa Januari, na Januari mwalimu unaijua.

Deni la Bodi nalo usiliharakishe. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani na adhabu ya asilimia 10 ziliondolewa mwaka 2021, hivyo hakuna kinacholiongeza wakati unaendelea kukatwa. Jambo la muhimu ni kuomba taarifa ya salio mapema, walau Oktoba, ili Desemba ikifika uwe na uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza na makato yasitishwe kwa wakati. Benki vilevile, Machi usiondoke bila barua ya kumaliza deni, kwa sababu taarifa zako zimo pia katika taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na kosa dogo linaloachwa huko hukusumbua siku ambayo hukutarajia.

Fundi Mwashi

Mimi naomba kutofautiana na Mhasibu kwa heshima. Watumishi wengi ninaowajengea wasingekuwa na nyumba hadi leo kama wangesubiri akiba. Boma lisilopauliwa linanyeshewa, tofali za juu zinaliwa na mvua, na bei ya bati na nondo haimsubiri mtu. Mwalimu akichukua milioni 12, akifuta salio la zamani, atabaki na zaidi ya milioni tisa, atapaua, ataweka milango na madirisha, atahamia, na ile kodi ya 100,000 kwa mwezi itakoma. Kwa miezi 72 hiyo ni milioni 7.2 ambazo hazitakwenda kwa mwenye nyumba. Hili nalo liwekwe kwenye hesabu.

Mhasibu wa Zamani

Fundi, hoja yako ni ya haki na nimeiweka kwenye hesabu. Mkopo wa milioni 12 kwa miezi 72 kwa riba ya asilimia 17 una rejesho la takriban 267,000, kwa hiyo afisa mikopo hakudanganya aliposema rejesho litabaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba marejesho 11 yamekuwa 72. Mkononi atapata kama 9,318,000 kabla ya ada na bima, na jumla atakayolipa ni zaidi ya 19,200,000.

Tuchukue njia ya pili. Akilipa marejesho yake 11, kisha akaweka hiyohiyo 267,000 kila mwezi, atafikisha kiasi hicho cha milioni 9.3 baada ya miezi 35, yaani miezi 46 kuanzia sasa. Kodi ya miezi 46 ni 4,600,000. Aliyekopa, siku hiyohiyo, atakuwa bado anadaiwa marejesho 26, ambayo ni kama milioni 6.9. Tofauti ni takriban milioni 2.3, na nakiri kwamba bei ya vifaa ikipanda sehemu ya tofauti hiyo italiwa. Kwa mtu mwenye akiba nyingine ningesema achague kadiri ya moyo wake. Lakini Mwalimu huyu hana akiba, na katika miaka sita ya mkopo mpya hataacha kuuguliwa wala kufiwa, na safari mbili zilizopita tumeona alichofanya. Hapo ndipo miezi 72 huwa miezi 72 mingine.

Mama Genge

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mtu wa hesabu kubwa, ila nina jambo moja kuhusu fedha za kikoba na za dharura. Dharura msiiweke kwenye kikoba. Hisa huwezi kuzitoa kabla ya kuvunja mzunguko, utaambiwa ukope, na utalipa riba kwa fedha zako mwenyewe. Mimi ninaweka katika mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambao ukiomba fedha yako huipata ndani ya siku chache za kazi, na kwa kuwa haipo kwenye simu haiishi kwa kununua vocha na kuchangia harusi. Kiasi kidogo, kama laki moja na nusu, kibaki benki kwa ajili ya usiku wa kukimbilia hospitali.

Na huyo mke anayesema mle vizuri msimpuuze. Mkijibana tena baada ya miaka saba ya kujibana, mpango utavunjika mwezi wa tatu, na atakayeuvunja hatakuwa yeye peke yake.

Mhasibu wa Zamani

Mama Genge amesema vema. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali fedha kwa miaka kadhaa, pia ni nzuri, zinaanzia shilingi milioni moja na hulipa riba mara mbili kwa mwaka, lakini ni za fedha ambayo huihitaji kwa miaka. Ukilazimika kuuza kabla ya muda utauza kwa bei utakayoikuta sokoni. Hiyo iwe baadaye, baada ya nyumba.

Pendekezo langu ni hili. Katika 1,150,000 za kikoba, tenga 400,000 kwa mtoto wa kidato cha kwanza pamoja na zile 147,000 za Januari, na 750,000 zilizobaki ziwe mwanzo wa akiba ya dharura. Februari na Machi, 147,000 ziende hukohuko, hivyo kabla ya makato ya benki kukoma utakuwa na 1,044,000, kiasi ambacho kinatosha upasuaji ule wa mama. Aprili utakuwa na 412,000 mpya kwa mwezi: 62,000 ziende mezani, 150,000 dharura hadi ifike milioni mbili, jambo litakalotimia Oktoba, na 200,000 ujenzi. Baada ya Oktoba, zile 150,000 zihamie ujenzi. Akaunti ya ujenzi ifunguliwe sasa, na maagizo ya kuhamisha fedha yawekwe mwezi Machi yaanze kazi na mshahara wa Aprili, ili fedha hiyo isikae hata siku moja ikiwa haina mwenyewe.

Bodaboda ya mdogo wako sitaizungumzia, isipokuwa kuuliza ni nani atakayeiendesha.

Fundi Mwashi

Kama ameamua kwenda taratibu, basi anunue bati na nondo kadiri anavyopata, azihifadhi pakavu, asilipie dukani akaziacha huko. Saruji asiihifadhi, ikikaa miezi kadhaa huganda kwenye mfuko. Na kwa gharama ndogo asakafie sehemu ya juu ya kuta kabla ya mvua za masika, boma lisiendelee kuharibika wakati anasubiri.

Chaki Nyeupe

Nawashukuru nyote. Jana jioni nilikaa na mke wangu tukapitia uzi huu mstari kwa mstari. Afisa mikopo nimemwandikia ujumbe kwamba sitaongeza mkopo, akanijibu kwamba ofa ipo hadi mwisho wa mwezi. Kuhusu bodaboda, mdogo wangu alikuwa na matumaini ya kuiendesha yeye.

Kuna badiliko moja tu katika pendekezo la Mhasibu. Mke wangu amesema 62,000 za mezani zilipangwa na mtu asiyekwenda sokoni, na ameomba ziwe 80,000. Nimekubali. Kwa hiyo ujenzi, hadi Oktoba, utakuwa na 182,000, na Fundi naomba unisaidie kujua ni bati ngapi za geji 30 zinazotosha boma la vyumba vitatu na sebule.