Tupeane uzoefu: mliobomoa dari za zamani mlifanyaje?

Habari zenu wadau. Nakarabati nyumba aliyotuachia baba hapa Tanga, ilijengwa miaka ya 1970. Dari yake ni bodi ngumu za kijivu na nataka niweke jipsamu. Fundi anataka kuzivunja kwa nyundo, siku moja kazi imekwisha. Moyo unasita.

*Wa Dodoma*
Dada, msimamishe kwanza. Bodi nyingi za aina hiyo zilikuwa saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi laini sana. Ikiwa nzima imetulia, haisumbui sana. Ukiivunja, nyuzi zisizoonekana zinapeperuka, na anayezivuta anaweza kupata saratani ya mapafu miaka 20 hata 40 baadaye. Kwa macho huitambui, ni maabara tu. Sisi hatukupima, tukaichukulia kuwa ndiyo. Watu wote walihama, vyombo vikatolewa, nailoni ikatandikwa sakafuni. Tulilowesha bodi kwa pampu ya kupulizia dawa shambani, maji na sabuni kidogo, tukang'oa misumari polepole ili zishuke nzima. Msumeno marufuku, kufagia pakavu marufuku, tulipangusa kwa matambara mabichi. Barakoa ya kitambaa haikusaidii kitu, tafuta ya vumbi hatari, FFP3, inayobana uso. Mabaki tulifunga nailoni mara mbili na kuwauliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, pa kuyapeleka, maana hizo ni taka hatarishi. Usizike uani, nakuomba.

*Wa Mombasa*
Yangu ilikuwa sofubodi, shida ikawa popo. Kipande cha kwanza kushuka, mavi makavu yakammwagikia kaka yangu kichwani, naye hana barakoa. Wiki mbili baadaye homa na kikohozi, daktari akasema ni kuvu wa mapafu, aliyemvuta kwenye vumbi la mavi ya popo. Alipona, lakini mpaka leo najilaumu. Toboa tundu dogo, umulike juu kwanza.

*Wa Morogoro*
Na umeme! Zima swichi kuu. Kwetu panya walikuwa wameguguna waya hadi shaba ikabaki wazi.

*Wa Tanga*
Asanteni sana. Fundi nimemsimamisha, watoto wamekwenda kwa bibi yao. Ila bodi moja ya jikoni imeshapasuka. Niifanyeje?

*Wa Dodoma*
Usiivute. Ipulizie maji taratibu, funika ufa kwa nailoni na selotepu pana, kisha ufunge mlango. Kwa sasa pikia nje.