Panya kutiwa sumu ili tuuelewe ugonjwa wa Parkinson: uendelee au upigwe marufuku?

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Wenzangu wanataka utafiti wa kuwatia panya sumu mpaka washindwe kutembea vizuri upigwe marufuku. Mimi nasema uendelee, ila kwa masharti makali.

Jambo hili linanigusa. Baba yangu mdogo, mkulima wa zabibu kule Hombolo, anaugua Parkinson. Akifika mlangoni miguu inagoma kabisa. Anashikilia fremu, mwili mzima umekakamaa, mpaka mmoja wetu aweke mguu mbele yake auvuke, ndipo hatua inatoka. Miaka yote aliambiwa ni uzee, wengine wakasema karogwa. Na wako wengi wa namna yake: watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, matokeo yakachapishwa 2008, walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sumu yenyewe, MPTP, ilijulikana kupitia binadamu. Mwaka 1982 huko California vijana waliojidunga heroini bandia walikakamaa ghafla. Dkt. William Langston na wenzake wakabaini kuwa ilichanganyika na MPTP, ambayo ikifika kwenye ubongo hugeuka kitu kinachoingia ndani ya seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayousaidia mwili kusogea) na kuzikatia nishati. Panya akidungwa sumu hiyo, seli hizohizo hufa. Kisha anawekwa juu ya kijiti kilichosimama, kichwa kikitazama juu, mtafiti anahesabu sekunde mpaka ageuke na kushuka, ili apime mwili umekuwa mzito kiasi gani.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa mzee, mkuu. Ila panya huyo hana Parkinson, ana sumu. Ameumizwa kwa siku chache, wakati mzee ameugua taratibu kwa miaka. Virutubisho vya kreatini na koenzaimu Q10 viliwakinga panya wa MPTP, tukashangilia. Vilipofika kwa wagonjwa, majaribio makubwa yalisitishwa kwa sababu havikuwafaa kitu. Panya wale waliteswa kwa faida ya nani?

Mleta mada

Hapo umenena, na hilo ndilo sharti langu la kwanza: panya wa sumu asitumike kutangazia tiba ya kuzuia ugonjwa. Hilo swali hawezi kulijibu.

Lakini lipo analoliweza, nalo linatuhusu sisi wakulima kuliko wengi. Rotenoni, sumu iliyomo kwenye utupa unaotumika kulevya samaki, huzima nishati ya seli kwa njia ileile ya MPTP. Mwaka 2000 panya waliopewa rotenoni kidogo kidogo walipoteza seli za dopamini. Mwaka 2011 utafiti wa wapuliza dawa za mashambani Marekani ukaonyesha waliotumia rotenoni au parakwati (dawa ya kuua magugu) waliugua Parkinson mara 2.5 zaidi ya wengine. Takwimu peke yake mwenye kiwanda atazipinga mpaka kesho. Maabara ndiyo inayoonyesha sumu inavyoua seli. Kijana anayepuliza shamba Mpunguzi, bomba mgongoni, dawa inamrudia usoni na upepo huu wetu, ana haki ya kujua.

Mchangiaji wa pili

Mnabishania panya huku wagonjwa vijijini hawana levodopa, dawa ya Parkinson inayogeuka dopamini ubongoni. Pesa ziende kwenye vidonge.

Mleta mada

Ndugu yangu, vidonge navitaka kuliko wewe, mzee wangu anavihitaji kila siku. Lakini njia ya levodopa ilianzia kwa wanyama: miaka ya 1950 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa wanyama reserpini, dawa inayomaliza dopamini ubongoni, wakaganda, akawapa levodopa wakainuka.

Masharti yangu mengine ni haya. Seli za binadamu zilizokuzwa maabara zikiweza kujibu swali, panya aachwe. Asipoweza kula wala kunywa, jaribio likome hapohapo. Na matokeo yaliyoshindwa yachapishwe, ili mwingine asirudie kuua panya kwa swali lililokwisha kujibiwa. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Nani anakagua maabara? Mwenye kujua utaratibu wake atueleze hapa.