Mama akija kututembelea Ulaya: habari ya kipimo cha kidoleni

Kutoka: Binti wa Tukuyu (Leicester)

Mugonile wana Mbeya, kamwene ndugu zetu wa Iringa na Njombe.

Nawaandikia nikiwa nyumbani Tukuyu, mvua imeshika tangu juzi. Nimemrudisha mama. Anakula vizuri, na jana ameshuka mwenyewe mpaka kwenye migomba. Lakini mwezi wa pili nilikaribia kumpoteza kule Leicester, Uingereza. Kwa kuwa wengi wenu mnawatumia wazazi tiketi mwaka huu, nikinyamaza nitakuwa nimewanyima.

Alianza na kikohozi, siku ya tatu homa, usiku wake pumzi ikawa fupi. Tukaenda idara ya dharura. Wakambana kidole na kile kibanio chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni. Kikasoma asilimia 94. Nesi akaandika, akasema tusubiri. Mimi namwangalia mama: ameketi ameinama mbele, mikono yote miwili imeshika ukingo wa kitanda, kila akivuta pumzi ngozi ya shingo inabonyea pale juu ya kidari. Hawezi kumaliza salamu bila kukatisha. Nikaenda kusema, nikajibiwa oksijeni yake iko sawa. Baada ya nusu saa nikaenda tena, jibu ni lile lile. Saa nane za usiku ikaingia zamu nyingine. Daktari mmoja kijana akasimama akamtazama mama jinsi anavyohema, akachukua damu ya ateri, ule mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, kwenye kifundo cha mkono. Majibu yakarudi 86. Punde si punde mama ana barakoa ya oksijeni usoni, anasukumwa kwenda wodini. Homa ya mapafu, pande zote mbili.

Kibanio kilikuwa bado kidoleni, na bado kinasema 94.

Nilipopata nafasi nilisoma. Kibanio hupitisha mwanga kidoleni na kukisia oksijeni kwa mwanga unaotokea upande wa pili. Rangi ya ngozi nayo hunyonya sehemu ya mwanga huo, na vipimo vingi vilisawazishwa kwa kujaribiwa zaidi kwa watu weupe. Mwaka 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kibanio na damu ya ateri. Waliwaangalia wagonjwa ambao kibanio kiliwapa kati ya 92 na 96. Miongoni mwa weusi, katika asilimia 11.7 ya vipimo oksijeni ya damu ilikuwa chini ya 88. Miongoni mwa weupe, asilimia 3.6. Karibu mara tatu. Serikali ya Uingereza iliunda jopo huru kuchunguza vifaa vya aina hii, na ripoti yake ya Machi 2024 ilikiri tatizo lipo. Kwa hiyo msikubali kuambiwa ni uchungu wa mtoto kwa mama yake.

Kuna jingine linaloniuma. Daktari wa kwanza alimuuliza mama anajisikiaje. Mama akajibu kama anavyomjibu mchungaji akipita nyumbani: "Salama tu baba, tunamshukuru Mungu." Nami nikatafsiri hivyo hivyo, ikaandikwa kwenye faili kwamba mgonjwa anasema hajambo. Kwetu mtu hatangulizi ugonjwa mbele ya salamu. Mwambieni mzazi mapema, kabla hajapanda ndege Songwe: daktari wa kule akiuliza habari, anauliza maumivu. Na ombeni mkalimani wa hospitali, hata kwa simu, ni bure. Mimi usiku ule nilipaswa kubaki binti yake tu.

Bima ya safari msiiruke. Mgeni wa kutembea huhudumiwa bure idara ya dharura, lakini akishalazwa bili inaanza, tena kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida.

Kutoka: Mama Pacha (London)

Pole sana mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Hilo la salamu ni kweli, lakini naomba tusilibebeshe mzigo wote. Mimi nilisema. Nimekaa nchi hii miaka 17, Kiingereza kinanitosha kazini na mahakamani. Siku ya nne baada ya kujifungua pacha kwa upasuaji nilisema mara tatu kwamba mguu mmoja umevimba na kifua kinabana. Nikaambiwa ni uchovu. Lilikuwa donge la damu, limeshafika kwenye mapafu. Serena Williams mwenyewe, yule mcheza tenisi wa Marekani, mwaka 2017 alijua historia yake ya damu kuganda, akawaeleza hospitalini baada ya kujifungua, na bado ilimbidi asisitize ndipo wakampima inavyotakiwa. Kama yeye hakusikilizwa mara moja, tusimwambie mama wa Rungwe kwamba kosa ni upole wake.

Taarifa za vifo vya uzazi za Uingereza zinatolewa kila mwaka. Ya 2021 ilionyesha wanawake weusi wanafariki mara nne zaidi ya weupe. Zilizofuata pengo limepungua, ila halijashuka chini ya mara mbili.

Siku hizi nikikataliwa kipimo nasema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Naomba uandike kwenye faili kwamba nimeomba, umekataa, na sababu yako." Mara nyingi kipimo kinapatikana. Na tangu 2024 hospitali nyingi za Uingereza zinafuata Kanuni ya Martha, jina la binti wa miaka 13 aliyefariki 2021, wazazi wake walisema ana hali mbaya wasisikilizwe. Ndugu anaweza kuita timu nyingine ije imwangalie mgonjwa, usiku au mchana. Ulizeni namba yake mapema, imebandikwa ukutani wodini.

Kutoka: Kaka wa Ipogolo (Minneapolis)

Kamwene dada zangu. Kwa walio Marekani wenye matatizo ya figo: tafuteni karatasi zenu za zamani. Kwa miaka mingi hesabu ya nguvu ya figo ilizidishwa kwa mtu mweusi. Kanuni moja iliyotumika sana iliongeza asilimia 21. Damu ile ile, figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo, na mtu akachelewa kuingia foleni ya kupandikizwa. Hesabu ilibadilishwa 2021. Januari 2023 ikaamriwa hospitali za upandikizaji ziwatafute wagonjwa weusi walioko kwenye foleni na kuwarudishia muda waliopotezewa. Binamu yangu anayesafishwa damu alirudishiwa zaidi ya mwaka. Barua ilimfikia, lakini hakuielewa, ilikaa juu ya friji wiki tatu. Kama una ndugu kwenye foleni, mpigie leo.

Kutoka: Nesi wa Uyole

Wapendwa, mimi niko hapa hapa Mbeya, nawasoma kila mara.

Sisi tunafundishwa mapema kutafuta dalili kwenye ngozi yetu, maana ndiyo tunayoihudumia. Mtu akiishiwa oksijeni usitegemee uso. Mfunue mdomo, angalia ulimi na fizi, geuza kiganja. Manjano itafute kwenye weupe wa jicho. Hesabu anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika nzima, ukishika saa. Pumzi haijui rangi.

Lakini vibanio tunavyotumia ni hivyo hivyo vinavyouzwa huko, kwa hiyo habari ya Michigan inatuhusu na sisi. Wodini najizoeza kuangalia namba inavyotembea: aliyekuwa 97 jana na 93 leo ananitia wasiwasi hata kama 93 haitishi. Mikono ikiwa baridi, ipasheni kwanza. Hina na rangi ya kucha vinaharibu usomaji.

Dada wa Tukuyu, mpime mama sasa akiwa mzima. Huko mlimani namba huwa chini kidogo kuliko Leicester, kwa hiyo ukirudi naye umpime tena kule, uandike zote.

Kutoka: Binti wa Tukuyu

Dada Nesi, ndaga fijo, asante sana. Mama Pacha, nimekusikia, na nimemsomea mama ujumbe wako neno kwa neno. Amekaa kimya kidogo, halafu akaniambia: nilikuona jinsi ulivyokuwa unarudi kwa yule nesi, mwambie na yeye.

Nimempima asubuhi tatu, kabla ya chai, mikono ikiwa imeota moto jikoni: 95, 96, 95. Pumzi 16 kwa dakika. Nimeandika nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe, na chini yake kwa Kiingereza: hii ndiyo namba yangu nikiwa mzima.