Saratani ya pomboo na simba-bahari wanaofugwa hugunduliwaje?

Mwanafunzi wa Kabete

Hamjambo nyote. Ninasomea udaktari wa mifugo katika kampasi ya Upper Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, na saratani ninayoijua ni ile ninayoweza kuigusa: uvimbe kwenye jicho la ng'ombe, au ule wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wanapopandana, ambao daktari huuchoma sindano, akapaka alichofyonza juu ya kioo, na jibu likapatikana kwa darubini kabla chai haijapoa. Sasa nimepata nafasi ya kujifunza kwa miezi mitatu ng'ambo, mahali wanapofugwa wanyama wa baharini, na kuna jambo linaloninyima usingizi. Pomboo ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, huficha ugonjwa wake, tena nimesoma kwamba kumpa nusukaputi ni hatari. Je, daktari hujuaje kwamba mnyama kama huyo ana saratani angali hai?

Daktari wa Lang'ata

Mwanangu, nimewahudumia wanyama hao miaka minane katika nchi moja ya Ghuba kabla ya kurudi Nairobi, na hofu yako ina msingi. Pomboo hapumui bila kukusudia kama tunavyopumua sisi. Hata akilala, nusu moja ya ubongo wake hubaki macho. Ukimpa nusukaputi, pumzi hukoma na ni lazima mashine impumulie. Daktari huingiza mkono mdomoni mpaka kooni, akalichomoa kwa vidole zoloto kutoka kwenye njia inayopanda hadi tundu la utosini, ndipo akapitisha mpira wa hewa. Kwa sababu hiyo, vipimo vingi hufanywa mnyama akiwa macho na akiwa amekubali.

Kukubali huko hufundishwa polepole, kwa samaki na kwa subira. Pomboo hujifunza kulala chali kando ya kidimbwi na kumwachia mtu mkia wake, ambao upande wa chini una mishipa inayotolewa damu. Nakumbuka jike mmoja ambaye mkia wake ulikuwa baridi na laini mikononi mwangu kama mpira uliolowa. Sindano ilipoingia hakutikisika, kwani masikio yake yote yalikuwa kwa mwalimu wake, akingoja filimbi. Kwa mafunzo ya namna hiyo, pomboo hupuliza pumzi juu ya kisahani ili seli za njia ya hewa zichunguzwe, na huelea kwa ubavu apimwe ultrasaundi ndani ya maji, ambayo yenyewe hufanya kazi ya jeli.

Hata hivyo, usidanganyike na majibu ya damu. Damu itakuonyesha kwamba kuna inflamesheni (mwili unapambana na madhara fulani) au maambukizi, lakini haitakutajia saratani. Kinachomshtua daktari ni mnyama kutofautiana na rekodi zake mwenyewe: tezi ya limfu iliyokua kuliko mwaka jana, uzito unaoshuka ingawa samaki ni wale wale, au kidonda cha ulimi kinachokataa kupona.

Kwa simba-bahari, tazama mapezi ya nyuma kila asubuhi anapotoka majini. Saratani inayowapata zaidi huanzia kwenye shingo ya kizazi, uke au uume, ikasambaa hadi tezi za limfu zilizo chini ya kiuno. Tezi hizo zikikua hubana mishipa, na mapezi huvimba. Ikifika kwenye uti wa mgongo, mnyama huanza kuyakokota. Ukiyaona hayo umechelewa, ndiyo maana mimi hupendelea ultrasaundi ya tumbo ifanywe mara kwa mara kwa kila aliyekomaa, awe mgonjwa au asiwe.

Mwanapatholojia

Ninakubaliana na Daktari, ila niongeze kwamba picha haithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni kipande cha tishu chini ya darubini. Pomboo hupata vinyama vya papiloma ulimini na sehemu za siri, na vingi si saratani. Anayevitazama kwa macho tu anaweza kukosea pande zote mbili. Vivyo hivyo, saratani ile ya simba-bahari inahusishwa na virusi vya herpesi, lakini kuvikuta virusi hivyo kwa mnyama si kumkuta na saratani.

Uliza pia mnyama alitoka wapi. Huko California, katika hospitali ya The Marine Mammal Center iliyo Sausalito, takriban mmoja kati ya simba-bahari watano waliokomaa waliofia humo alikuwa na saratani, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliihusisha na virusi hivyo pamoja na mabaki ya DDT, dawa ya kuua wadudu, na PCB, kemikali za viwandani, katika mafuta ya miili yao. Mnyama aliyeokolewa pwani hiyo huja na mafuta yale yale hata akifugwa katika maji safi kuliko yote.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Mahali fulani nilipowahi kuitwa, simba-bahari mzee alizikwa kabla sijafika, bila kupasuliwa, na wenzake wanne wakabaki kidimbwini bila yeyote kujua kilichomuua.

Mwanafunzi wa Kabete

Asanteni sana. Wiki ya kwanza nianze na nini?

Mwanapatholojia

Omba rekodi za ultrasaundi za kila mnyama na uzisome kwa mpangilio wa miaka. Kisha hakikisha kuna formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya tishu, ya asilimia 10 na ya kutosha, ujazo wake uwe mara 10 ya ule wa tishu, na kila kipande kisizidi unene wa sentimita 1, la sivyo kitaoza katikati kabla dawa haijapenya.